Barua ya Chumba Nambari Nne

Nimeiandika mara tatu, mjomba,
na mara tatu imenishinda kwenye salamu.
"Kwa Bwana Kitonyi Mulei," nikamsikia mama akikohoa kaburini.
"Kwa mjomba mpendwa," sasa mpendwa
huambiwaje ahame kabla ya tarehe thelathini?

Wakili wa Luthuli, ghorofa ya pili, juu ya duka la redio,
aliniuliza neno moja, kalamu sikioni:
"Mkataba?"
Nikacheka. Kisha nikaona hacheki.
Nikamweleza: mkataba ni mama kusema "ingia",
na wewe ukaingia
na godoro, nyundo mbili na mkasi wa kukatia bati.
"Basi huyo si mpangaji," akasema, "huyo ni ndugu.
Mpangaji ningekutolea kwa karatasi moja."
Akanitoza elfu tatu kwa habari hiyo.

Nisikufiche. Si nyufa za ukuta, si choo kilichojaa.
Ni mkopo wa chama.
Chumba kama chako, pale kwa Mama Wacuka,
kinakwenda elfu saba, stima mbali.
Wewe ulisimama kwenye elfu mbili,
na mwaka wa korona ukaketi kabisa.

Na hizo nyundo! Kayole haijaamka,
hata muuza mandazi hajawasha moto,
wewe ko, ko, ko, unakunja majiko ya kupeleka Kamukunji.
Mwalimu wa chumba cha sita ananijia na macho mekundu:
"Mwambie mtu wako."
Nitamwambia, mwalimu, nitamwambia.
Kisha nakupita uani
nikiitazama ndoo kana kwamba maji yatatoroka.

Undugu ni kufaana, tulifunzwa.
Hatukufunzwa nani atangulie kuchoka.

Jana, nikitafuta cha kukushtaki nacho,
nililipata daftari la mama chini ya sanduku,
lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.
Mwandiko wake umeinama kama mtu apandaye mlima na mzigo.

Kitonyi, Januari, mia nane.
Kitonyi, Februari, mia tano na jiko moja.
Machi, amenibeba mgongoni hadi lami, usiku, mvua. Imelipwa.
Aprili, imelipwa.
Mei, imelipwa.

Nikahesabu "imelipwa" hadi nikapoteza hesabu.
Na pembeni, kwa wino mwingine, wa kijani:
Karo ya Ndinda, elfu nne na mia mbili, ametoa Kitonyi.
Mimi ndiye ninayedaiwa.

Sikujua.
Miaka yote nilidhani ile karo ilitoka kwa mbuzi.

Nikaligeuza daftari, nikalitazama lile jedwali:
saba mara nane lipo, kumi na mbili mara tisa lipo.
Mgongo mmoja mara usiku mmoja, sikuona safu yake.
Na benki, nayo, haina safu hiyo.
Tarehe tano ni tarehe tano.

Leo alfajiri hukugonga.
Nimeamshwa na kimya, nikaketi kitandani kama mtu aliyeitwa.
Mabati hayana siri, mjomba; barua zote tatu
nilizisoma kwa sauti, kuonja ukali wake.
Nikachungulia dirishani:
unafunga mabati kwa waya, taratibu, kubwa chini, dogo juu,
kama ulivyokuwa ukinifungia vitabu siku za kufungua shule.

Nimetoka na chai, vikombe viwili,
barua ya nne kwenye fundo la leso.
Hii haina salamu kabisa. Ina tarehe tu,
na tarehe nimeifuta mara mbili.

Hukuangalia chai.
Umenyoosha kiganja chenye makovu ya bati,
na juu yake ufunguo.
"Shika, mama mwenye nyumba."

Sina mkono wa kuushikia.
Na kufuli, mjomba, kufuli lenyewe
ulilinunua wewe.