Sakafu ya Goulven

Goulven kaoa. Nyumba ina kuta, ina paa la mabamba ya jiwe,
ila chini bado tope.
Akatangaza mlangoni mwa kanisa: njoni na viatu vya mbao,
mnishindilie sakafu.

Mimi nilifuata chapati za ngano nyeusi.
Sikumfuata Soazig.

Miaka sita tumenuniana
kwa ajili ya ng'ombe mmoja, ua wa miiba,
na neno alilolitamka mama yangu akiwa kitandani, akisikia.
Tulipokutana kisimani, ndoo ndizo zilizosalimiana.

Duara likafungwa. Sijui nani alinisukuma.
Huku Bretania hatushikani viganja, tunashikana vidole vya mwisho,
na changu kikaangukia chake:
kikavu, cha baridi, kina kovu la mundu.

Zumari ikalia.
Kushoto, kushoto, rudi, kanyaga.
Nilimkanyaga. Kwa makusudi, nakiri.
Akanirudishia.
Tope likaruka hadi kwenye kofia ya lesi ya shangazi yake.

Kushoto, kushoto, rudi, kanyaga.
Riwal, mlevi wa tangu asubuhi, akaupata mwendo.
Binti wa kinuni, asiyesikia, akaupata kwa nyayo,
akawa wa kwanza kufumba macho.

Sijui ni wakati gani niliacha kuhesabu.
Kisigino kilijua kabla yangu.
Mkono wake ukipanda, wangu uko juu tayari,
na ile pumzi yake niliyoichukia kanisani,
ikikoroma nyuma ya shingo yangu kila Jumapili,
sasa inakuja na kwenda na yangu
kama watu wawili kwenye msumeno mmoja.

Mpiga zumari akanyamaza, ateme, anywe.
Hatukumngoja. Mbao tupu juu ya udongo:
dhu,
dhu,
watu arobaini, goti moja.

Alfajiri Goulven aliigonga sakafu kwa ufunguo. Ikaitika.

Mlangoni Soazig alikitazama kidole chake, chekundu,
akakitazama changu.
"Ng'ombe alikuwa wako," akasema.
"Ua ulikuwa wako," nikasema.

Tukashika njia ya nyumbani, kila mmoja ukingo wake,
hatusemi,
tukijitahidi, kwa haya,
hatua zetu zisilingane.

Zikalingana.