Jumanne ya Tarehe Tisa

Pale Mwaloni tulipima mara sita,
na ziwa likatupa majibu sita.
Redio zilezile, mlingoti uleule,
betri imejaa, mimi sijasogea hata hatua:
Jumatatu pakiti zote zinafika,
kesho yake nusu zimezama.
Nyamizi akalaumu ukungu.
Mimi nikalaumu mawe, yanavyorudisha mawimbi
kama jirani anayerudisha neno ulilomnong'oneza.
Meli ya Ukerewe ilipita. Wadudu wa ziwani
wakainuka kama moshi.
Nani ataamini kipimo kisichokubali kurudiwa?

Tukalikimbia ziwa.
Chumba kimoja Nyakato, nyuma ya duka la rangi.
Fundi Magesa akatukunjia masanduku ya bati,
kila redio na lake, kifuniko kikibana
hata simu ndani yake ikakosa mtandao.
Hewa tukaifukuza. Mawimbi yakapita kwenye waya,
umbali tukauzungusha kwa kidole:
mita mia, elfu mbili, mia tena.
Jaribio la kwanza, asilimia tisini na moja.
Tukarudia. Tisini na moja.
Usiku wa manane, umeme umekatika,
jenereta inakohoa: tisini na moja.
Nyamizi alicheka hadi akakaa sakafuni.

Halafu akanyamaza.
"Na zahanati ya kisiwani," akasema,
"nayo imo sandukuni?"

Tukarudi Mwaloni, safari hii kunasa tu:
saa nzima ya ziwa, kila kupanda, kila kushuka.
Magesa alituletea kifuniko alichokinyoosha upya.
Akapita mbele ya antena, bati kichwani,
saa nne na dakika kumi na saba,
akiendelea kututania bei ya kahawa.

Jumanne hiyo sasa tunaiendesha ndani ya waya
kila tunapogusa mstari mmoja wa programu.
Meli inapita kwa wakati wake, mara ya mia na nne.
Mawe yanarudisha neno lilelile.
Magesa alikwenda Geita, machimboni;
nikimpigia, namba haipatikani.
Ila saa nne na kumi na saba
grafu inabonyea,
desibeli sita, sekunde tatu,
kisha inainuka.

Mkaguzi kutoka Dodoma aliweka kalamu hapo.
"Hii kasoro mbona hamjaiondoa?"

Nyamizi hakugeuka kutoka kwenye kioo.
"Si kasoro," akasema. "Huyo ni fundi."