Tarakimu Nne Ubavuni

Mihambo, njoo uchutame hapa.
Usinionyeshe kashata,
kashata naziona, nene, zinang'ata kidole.
Wewe angalia ubavu.
Futa vumbi kwa mate kama ninavyofuta mimi,
hapo, kwenye kiduara chenye umbo la yai:
tarakimu nne.
Mbili za wiki, mbili za mwaka.
Hesabu.

Umeona? Tairi hili na Wande wako
wamezaliwa msimu mmoja,
na Wande mwezi wa tisa anafanya mtihani wa darasa la saba.

Unasema halijatembea.
Ndiyo ugonjwa wenyewe.
Tairi la gari hufa kwa safari,
la tela hufa kwa kungoja.
Masika limezama topeni nyuma ya ghala,
kiangazi jua la Ipole limelilamba upande mmoja,
ule wa magharibi, usiopita wewe.
Nyufa hizi, nyembamba kama mistari ya kiganja,
uliziita uchafu.

Safari yenu naijua. Luhende kanisimulia
akiwa kwenye benchi hili hili, hapa Sikonge,
mguu wa kulia umefungwa hogo.
Mapipa tisa ya asali
mliyasukumia yote nyuma ya ekseli
ili yeye apate pa kulala mbele.
Pini ilipotea Inyonga, mkachomeka nondo.
Mnyororo mmoja, na huo umeungwa kwa waya wa uzio.
Upepo? Ulilipiga tairi teke, likajibu *du*,
ukaridhika.
Teke si geji, Mihambo.
Hata lenye nusu ya upepo hujibu *du*.

Saa nane mchana, lami inanuka moto,
Tabora mnaiona kama mmeshafika.
Na kwenye kiti chako kulikuwa na amani!
Hilo ndilo linalonitisha mimi.
Tela likiumwa halikuambii.
Usukani hautetemeki,
redio inaendelea na salamu,
na kule nyuma mpira unachemka,
unajivua ngozi barabarani kipande kwa kipande.
Mwenye baiskeli ya mkaa alikupungia mikono yote miwili.
Ukampungia.

Kisha mlio.
Kisha tela likaanza kutafuta njia yake,
kushoto, kulia, kushoto,
kama mbwa anayetaka kuivua kamba shingoni,
nawe ukafanya wanachofanya wote:
ukakanyaga breki hadi chini.

Ungeachia mafuta tu.
Ungeushika usukani kama aliyebeba karai la maji,
ukaiacha barabara yenyewe ikupunguze.
Lakini nani alikufundisha?
Hata mimi mwalimu wangu
ni gari lililokwisha kupinduka.

Nondo ikachomoka.
Waya haukusikika hata ulipokatika.
Mapipa yakashuka yenyewe
na asali ya msimu mzima ikatembea kwenye lami,
polepole, haina haraka kama nyinyi.
Nyuki walifika kabla ya trafiki.

Luhende hasemi sana.
Anasema aliusikia utamu mdomoni
kabla hajausikia mguu.

Leo umenijia na tairi la pili,
lililobaki zima, pacha wa marehemu,
unataka nilijaze upepo
urudi Ipole kabla ya giza kuchukua mapipa mengine.

Silijazi.
Kompresa ipo, umeme upo, buku lako naliona.
Silijazi.
Kanunue mapya, mawili, ya mwaka huu,
na usisome bei kabla ya kusoma ubavu.
Pini nitakupa ya kwangu. Minyororo iwe miwili,
ipishane chini ya shingo ya tela
kama mikono ya mtu anayesikia baridi.
Na utingo akae ndani, kwenye kiti.

Hili liache.
Nitalikata katambuga,
litembee mwishowe, bila kuvutwa na mtu.
Jozi ya kwanza ni ya Luhende.
Ya kushoto mpelekee leo.
Ya kulia nitaitundika hapa msumarini,
kivulini.