Matufaha Saba

Dada Bogna, lile swali la kumi na nne
nilikudanganya.

Uliniuliza kwa karatasi, si kwa mdomo,
na karatasi haina macho ya kumkodolea mtu:
kwa wiki moja unakula matufaha mangapi?
Nikaandika saba,
ile saba yenye kijiti tumboni
kama tulivyofundishwa shuleni.

Ningeandika nini kingine, hapa Grójec,
ambako hata basi la shule limechorwa tufaha ubavuni,
na mimi ndiye niliyesimama saa nane kwa siku
kwenye mkanda wa ghala la baridi, glavu mbili mbili,
nikichambua: lenye doa huku, lenye jeraha kwenye juisi,
jekundu lisilo kasoro lipande lori liende ng'ambo?
Mimba ilikuwa na miezi minne.
Harufu ya matufaha ilinipanda puani kama siki.
Nilitapika nyuma ya makreti,
nikafukia kwa vumbi la mbao, nikarudi mkandani.

Nilichokula, sasa nasema:
mkate na mafuta ya nguruwe, nimesimama dirishani, saa tisa usiku;
matango ya chumvi, na maji yake nikayanywa;
viazi; chai, sukari vijiko vitatu.
Samaki, Mkesha wa Krismasi tu.
Mama mkwe, Pelagia, aliniletea supu ya bitiruti
akanikalia mpaka ua lililochorwa chini ya bakuli likaonekana.
Mtoto hula anachokula mama, alisema. Sikumbishia.
Ila tumbo lina ufunguo wake,
na siku zile ufunguo sikuwa nao mimi.

Gracjan ana miaka saba.
Ulimpa lile bomba, ukamwambia: zima mishumaa ya keki.
Akavuta pumzi, mabega yakapanda masikioni,
akapuliza,
mshale ukajikongoja, ukasimama njiani
kama lori lililokwama kwenye theluji.
Nikausikia ule mluzi ninaoujua,
mtoto wa paka aliyefungiwa ndani ya mbavu,
anayelia zaidi Januari, majirani wakichoma makaa ya mawe,
wengine viatu vibovu,
na moshi ukigoma kupanda.

Ukasema, kwa upole, kwamba huenda
(neno lako ni huenda, nalipenda kwa uaminifu wake)
huenda wanawake waliokula matufaha
watoto wao vifua ni vyepesi kidogo.
Bado mnahesabu.
Ukanionyesha kwenye kompyuta: nukta, kila nukta mtoto.
Wangu ukamgusa kwa ncha ya kalamu. Yuko kule pembeni, peke yake,
matufaha saba, kifua kibovu,
anabishana na wenzake wote.

Usiku ule sikupata usingizi.
Kwanza nilijihukumu kwa matufaha nisiyoyala,
kisha kwa yale niliyoyaandika.
Maana yupo msichana mahali, mimba changa,
atakayeuliza na kujibiwa: haijulikani,
kwa kuwa mimi niliionea karatasi haya.
Karibu na alfajiri nikakasirika.
Kurasa kumi na mbili, na hakuna hata mstari mmoja
uliouliza dohani ya jirani inatoa nini,
wala ghala linapuliziwa dawa gani,
wala kama palikuwa na mtu wa kunishikia zamu.
Kila mlichouliza kilipitia mdomoni mwangu.

Leo umenipa karatasi mpya.
Huyu wa pili ana wiki kumi na tisa, hucheza nikikaa.
Gracjan yuko kwenye korido, anamenya tufaha kwa meno,
maganda anayatemea kiganjani, anakuja kunitilia mfukoni.
Swali la kumi na nne halijabadilika.
Nimeandika: mawili. Na moja nililitapika.
Hapakuwa na kisanduku cha hilo.
Nimekichora.