Faili Namba 104729

Karani wa dirisha la tatu aliiandika kwa kalamu ya bluu,
akasema, Kaa pale mama,
akaitazama kadi, akajirekebisha:
Kaa pale dada.

Benchi ni la chuma. Upepo wa Agosti
unasukuma vumbi la Dodoma chini ya mlango.
Nimetoka Mvumi na basi la alfajiri,
simu imezima, ninayo risiti ya maabara
yenye mgongo mweupe,
na kazi yangu ni hesabu, darasa la sita B.

Nikaanza kuigawa.

Mbili haiingii, hii ni witiri.
Tatu: jumla ya tarakimu ishirini na tatu. Hapana.
Saba ikabakiza mbili.
Kumi na tatu nilishangilia mapema,
ikabakiza moja.
Kumi na tisa, moja tena.
Hamsini na tatu, moja,
kama mgeni aliyekaribishwa ndani
akakuta viti vimejaa.

Aliyenitangulia foleni, Sechelela wa Hombolo,
mimba ya nne, anamenya karanga kwenye kanga,
kadi yake ni 104728.
Nikaigawa na yake, bila kumwomba.
Mbili, mbili, mbili,
kumi na tatu, kumi na tisa, hamsini na tatu:
sita, wamejaa uani.
Kumbe ndiyo maana kwangu walibakiza moja.
Walikuwa wa kwake.

Akanipa karanga. Nikala.

Jambo jema la hesabu ni kwamba lina kikomo.
Mia tatu ishirini na nne mara yenyewe
inaipita namba yangu;
ukifika mia tatu kumi na saba mikono mitupu
acha, hakuna kitu.
Vipimo sitini na sita tu.
Mimi nimepimwa miaka minane
na hakuna aliyeniambia pa kukomea.

Risiti ikajaa. Nikahamia kiganjani.

Muhula uliopita Ndahani aliuliza,
Mwalimu, kwa nini tunaziita tasa
na nyingine zote zinaundwa kwa hizo?
Nilimwambia afanye zoezi la nne.
Neno lenyewe nalijua.
Mama mkwe hulitia kwenye mlenda,
taratibu, kama chumvi.

Mia tatu kumi na saba: mara mia tatu thelathini,
ikabaki mia moja kumi na tisa.
Basi.
Muuguzi akatoka, akaita tarakimu moja moja,
moja, sifuri, nne, saba, mbili, tisa,
na mimi nikaitika kwa sauti kubwa
hata mtoto wa mtu akaamka.

Jumatatu nilifungua majedwali ya zamani ya chuo.
Iko pale, ukurasa umeliwa na mchwa pembeni:
ni tasa ya elfu kumi. Elfu kumi kamili.
Na nyuma yake foleni,
haijapata kuisha.