Bakuli la Mgeni wa Heshima

Nyanya tumezikataa. Mwalimu Byensi amesema
karne ile nyanya zilikuwa bado ng'ambo ya bahari,
hazijui kama kuna Ntusi.
Mahindi vivyo hivyo, na muhogo, na karanga,
na maharagwe ambayo Kemirembe alishayaloweka tangu jana.
Alinuna kidogo, kisha akayabeba kurudi kwao.

Tumebaki na ulezi, kunde, njugu mawe,
nyama ya fahali iliyokaushwa juu ya moshi,
na chumvi ya Kibiro iliyofungwa kwa majani,
aliyotuletea Nyakaisiki kwa basi la usiku
akiipakata njia nzima kama kichanga.
Na wali je? aliuliza kijana mmoja.
Mwalimu akamtazama tu.

Kila mwaka, mvua zikikatika, tunarudi nyuma miaka mia saba:
viti vya plastiki tunavivisha magome ya mutuba,
saa za mkononi zinaingia kikapuni,
Nuwagaba wa bodaboda anakuwa mpiga mbiu,
nami, mwenye hoteli ya kando ya stendi,
nakuwa mwandazi wa mtawala,
napiga goti ambalo halijazoea kupigwa.

Kazi yangu ni eshabwe. Hiyo simwachii mtu.
Samli ya miezi mitatu, maji baridi, magadi kidogo,
kisha mkono: unakoroga upande mmoja tu,
unakoroga hadi umanjano uogope, uwe weupe,
weupe wa jino la ndama.
Anayebadili upande anaukata mchuzi,
na mchuzi uliokatika haupelekwi kwa mgeni,
hata mgeni adui.

Mgeni wa heshima mwaka huu ni Karyeija.
Diwani Karyeija,
ambaye harusi ya bintiye niliipikia mimi,
sahani mia mbili na kumi,
akaniambia njoo Jumatatu.
Jumatatu zimepita mia moja na kitu.
Jumatatu moja nilimkuta, naye akasema hayupo.

Leo ni mjumbe aliyetoka mbali kumwona mtawala.
Amevaa ngozi ya chui ya kitambaa,
soksi zake zinaonekana.
Mbiu inalia. Naja na bakuli la mti, kwa mikono miwili,
macho chini, kama inavyotakiwa,
namwambia maneno niliyokaririshwa:
"Uliyekanyaga umande wa nchi tatu, kula,
nyumba hii haijui kuhesabu."

Akanong'ona, "Ile bili yako, mama, naishughulikia."
Sikumjibu. Karne ile hakuna bili.

Desturi Mwalimu ameisoma kwa sauti asubuhi:
mgeni wa heshima haachi kitu bakulini.
Akamega ulezi, akachovya, akafumba macho.
Watu wakapiga makofi. Akachovya tena.
Weupe ukaanza kushuka, polepole,
na chini yake mti ukaonyesha kitu.

Maandishi hayakuwepo zama zile, hilo nililizingatia.
Nilitumia chuma cha moto, usiku, jikoni kwangu:
mistari minane mirefu,
minne mifupi.
Laki nane na elfu arobaini,
kwa mtu aliyezaliwa akihesabu ng'ombe.

Mkono wake ukasimama hewani na tonge.
Akaangalia mistari. Akaangalia goti langu.
Nyuma yetu ngoma, watoto, mtu anatafuta chaja.
Kisha Karyeija, mjumbe wa mbali,
akanisogezea bakuli, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:
"Niongeze."

Nikamwongeza. Kwa mikono miwili,
mpaka mstari wa mwisho ukazama.
Mtungi wangu una nusu bado,
na karamu, kwa desturi, ni hadi alfajiri.