Kumi na Wawili

Daktari Mwadime ameigeuza skrini nione:
moyo wangu, kijivu, unapepesuka
kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa jina.
"Asilimia ishirini na sita," asema.
"Wa mtu mzima husukuma hamsini na kitu, sitini."

Nilikuwa mkaguzi wa nyaya za kreni Kilindini
miaka thelathini na mmoja.
Unaupangusa waya grisi, unaupitisha kitambaa polepole,
palipokatika uzi pananasa.
Unahesabu. Nyuzi sita kwa pima, si neno.
Zikifika kumi, huo si waya tena, ushushe.
Basi hesabu siiogopi. Namwambia, haya, nihesabie.

Akahesabu: umri, figo, sukari,
kovu la shtuko la mwaka juzi,
siku ile nilipozimia foleni ya benki Barabara ya Digo.
Kisha: "Katika watu mia walio hali yako,
kwa miaka mitano, kumi na wawili moyo utazima ghafla."

Mia.
Natoka kwenye mabenchi ya Makadara:
mama wa buibui anajipepea kwa bahasha ya eksirei,
kijana miguu imemvimba, kandambili hazimwingii.
Nawatafuta wale kumi na wawili kwa nyuso
kama mtu aliyeibiwa.
Nao wananitazama mimi.

Kuna kifaa, kadiri ya kiberiti,
hushonewa chini ya mtulinga;
moyo ukipotea njia, huupiga teke.
Bei yake ni kiwanja cha Mtwapa, na deni juu.
"Tuuze," asema Mwanasiti.
"Kiwanja hakiniiti jina usiku."
Nasema tungoje.

Sijamwambia habari ya Nyale.
Waya uliomkatikia niliupitisha mimi,
asubuhi ile ile. Nyuzi mbili tu. Nikatia sahihi.
Na ule wa kreni ya tisa, nilioandika ushushwe,
waliufunga tena kwa siri
ukavuta makontena miaka minne.

Nalala juu ya mito mitatu.
Najipima uzito kabla ya chai, naandika daftarini.
Mchuzi hauna chumvi,
naye amekataa kujipikia chungu chake.
Na choo cha uani, siku hizi, sitii komeo.
Sikumwambia. Hakuuliza.

Jana alfajiri nikakuta komeo lenyewe limeng'olewa,
skrubu nne
kwenye kisahani cha kahawa.